Mgunduzi wa Wapiga Gitaa

Mjini Kasulu ukitaka misumari, bati, rangi au kitasa, unakwenda kwa Saady Gharibu. Ukitaka kudharauliwa, unakwenda kwa Saady Gharibu vilevile, na hilo la pili hulilipii. Unapewa bure, pamoja na risiti.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mrefu, mkavu, kofia nyeupe imekaa upande. Baba yake alitoka Pangani na marobota ya nguo, akaoa Kasulu, akasahau njia ya kurudi. Saady mwenyewe, ujanani, alikaa Tabora miezi minane akipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi moja ya jazi, mpaka walipomfukuza. Hakufukuzwa kwa ulevi wala kwa wake za watu, kama wanavyofukuzwa wanamuziki wengine. Alifukuzwa kwa sababu kila baada ya onyesho alikuwa anamkalisha mpiga solo chini na kumweleza alikokosea. Mpiga solo alivumilia miezi saba. Mwezi wa nane akawaambia wenzake wachague, ama yeye ama yule fundi wa makosa.

Akarudi Kasulu, akarithi duka la vifaa vya ujenzi, na tangu siku hiyo hakupiga tena gitaa mbele za watu. Aliyashika ya wenzake tu, kuwarekebishia.

Kwa Saady, watu wote duniani wanaoshika gitaa ni wa aina mbili, wapigaji na wakunaji. Wapigaji unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono na vidole vikabaki. Waliosalia wote ni wakunaji, watu waliopewa nyuzi sita na vidole kumi na wasijue la kufanya. Jirani yake muuza simu aliwahi kumwekea wimbo uliokuwa ukivuma nchi nzima. Saady alisikiliza kwa muda wa kufumba na kufumbua, akarudisha simu kwa ncha za vidole kana kwamba ina kinyesi cha kuku, akasema, "Anakuna."

Lakini tumpe haki yake. Masikio alikuwa nayo. Dukani, nyuma ya makopo ya rangi, alikuwa na kiti chake, simu yake na vile vidude vya kuziba masikioni, na hapo ndipo zilipoishia bando zake. Alikuwa anawinda wapiga gitaa wa jazi wasiojulikana. Wale wenye majina aliwaachia watu wa mahotelini. Yeye alimtaka mzee mmoja aliyerekodiwa mara moja tu barazani kwake huko Brazili, au mwanamke wa nchi ya baridi anayepiga kanisani siku za wiki, au mtu wa visiwani huko anayekaza nyuzi kwa namna yake mwenyewe, hata ukimwiga vidole unatoka patupu. Akimpata mtu wa namna hiyo, Saady alifurahi kweli. Macho yalimlengalenga machozi. Alikuwa akisema kwamba jazi ni mtu kuondoka kwenye wimbo na kurudi bila kuomba kuonyeshwa njia, na akimsikia anayeondoka vizuri, aliwaacha wateja wasimame na misumari yao mikononi mpaka arudi.

Jina la mtu huyo liliandikwa kwenye daftari. Ila furaha ilidumu mpaka pale mtu mwingine alipompenda pia. Mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu alipita dukani kununua balbu, akasema naye amemsikia yule mwanamke wa nchi ya baridi, anapiga vizuri sana. Mwalimu alipoondoka tu, Saady alifungua daftari akapiga mstari juu ya jina lile. Mtu kama huyo hapendi muziki tu. Anapenda kuwa wa kwanza kufika, na kufunga mlango nyuma yake.

Sasa mtu huyu, redio ya pale mjini ilimpa saa moja nzima kila Jumamosi saa kumi alasiri. Kipindi kiliitwa Wapya Wasiojulikana. Saady alikuwa anacheza wimbo, anaeleza, anaponda, na watu wanapiga simu. Ile saa ndiyo iliyokuwa maisha yake. Jumapili mpaka Ijumaa alikuwa muuza misumari kama wauza misumari wengine, tena bei yake haipungui. Jumamosi waendesha bodaboda walimsalimia "Mtaalamu", na yeye aliitikia kwa kupandisha nyusi tu, asije akaonekana amefurahi. Mkewe Shamsia alimpigia pasi kanzu kila Jumamosi mchana, akamwambia, "Haya, nenda ukawatukane watoto wa watu, urudi ule."

Mwanzoni mwa mwezi mmoja, Jumatatu, aliitwa redioni. Meneja wa vipindi alikuwa Asmahani, mwanamke kijana, mwenye adabu, asiyepoteza muda.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee wangu, nimekaa nikasikiliza vipindi vyako vya miezi mitatu. Kipindi kinaitwa Wapya Wasiojulikana. Huyo mpya tuliyemjua ni nani?"

"Hawapo," alisema Saady.

"Nchi nzima hii?"

"Wapo wakunaji."

"Watu wanasema mzee kazi yake kuponda tu, kupenda hajui. Na kuna vijana wa mikeka ya kubeti wanaitaka ile saa, wachambue mechi. Niletee mpiga gitaa mmoja wa hapa kwetu, Kasulu, Kibondo, popote, ambaye akisikika watu watampenda. Mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukimkosa, saa nawapa vijana."

Saady alitoka pale akiongea peke yake. Vijana wa mikeka. Saa yake ya jazi wapewe watu wa kubahatisha nani atafunga goli. Hakula mchana ule, na Shamsia alipomuuliza kulikoni alijibu kwamba nchi imeharibika.

Wiki ya kwanza alimjaribu Fidele, kijana wa hapo Kasulu aliyekuwa amemaliza chuo. Fidele alikuja na gitaa la umeme na visanduku vitatu vya kukanyaga kwa mguu. Saady alimsikiliza akikanyaga na kukanyaga, kisha akamuuliza kama amekuja kupiga gitaa au kushona kwa cherehani. Wiki ya pili akapanda basi mpaka Kibondo, kwenye hoteli moja wanakokula wafanyakazi wa mashirika wakitoka kambi ya wakimbizi ya Nduta. Hapo alimkuta jamaa mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, amewasha midundo kwenye simu na amekaa juu yake kama abiria. Saady hakumaliza hata soda.

Hao wawili, kama ilivyokuwa kawaida yake, aliwanyang'anya gitaa kwanza. Hiyo ilikuwa kanuni yake tangu Tabora: gitaa halisikilizwi mpaka alityuni yeye mwenyewe. Alikuwa na chuma chake kidogo cha meno mawili, ukikigonga gotini kinatoa sauti moja safi, na kwa sauti hiyo alikaza na kulegeza nyuzi zote sita mpaka zikae zinavyotakiwa kukaa. Hakuomba ruhusa. Daktari, alisema, hamwombi mgonjwa ruhusa ya kumpima homa.

Wiki ya tatu, Jumanne, aliingia dukani mteja wake Immakulata Ndayikunda, mama wa makamo anayeleta maharage sokoni Kasulu kutoka Mabamba, kule mpakani. Alikuwa anajenga, akaja kuchagua bati. Saady alikuwa amefungulia spika, anajaribu mpiga gitaa fulani wa mjini.

Immakulata alisikiliza kidogo. "Huyu si anakuna tu, mzee?"

Saady alimpandisha na kumshusha. Hakuna mtu aliyewahi kumtumia neno lake mwenyewe, na mbaya zaidi, lilikuwa limetumika sawasawa.

"Wewe mama, unajua gitaa?"

"Mimi sijui. Ila kwetu yuko shemeji yangu, Nkunzimana, mpigaji wa kwaya. Akipiga yeye, hata wenye haraka wanakaa chini." Alisema hivyo huku anagonga bati kwa kucha, anapima unene wake.

Katika hali ya kawaida Saady angecheka. Mpiga gitaa wa kwaya, mkulima, wa Mabamba. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alhamisi akapanda basi la Kibondo, na kutoka Kibondo akachukua bodaboda mpaka Mabamba, akafika saa tisa alasiri kanzu imegeuka nyekundu kwa vumbi, na hasira zake zote zikiwa tayari.

Kwa Nkunzimana walikuwa wanamsubiri tangu asubuhi. Immakulata alikuwa amewapasha, mtaalamu wa redio anakuja. Waliazima viti kwa majirani, wakatandika kitambaa mezani, wanakwaya kumi na mbili wakavaa sare zao za Jumapili. Kwa sababu mgeni ni Mwislamu, walikuwa wamekwenda mpaka senta kumwomba muuza duka mmoja Mwislamu aje awachinjie jogoo, mgeni asije akakaa na njaa mbele ya nyama. Saady alimla yule jogoo na ugali wa muhogo, akanawa, na jambo hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Alidhani kuku hujichinja wenyewe anapokaribia yeye.

Nkunzimana alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mpole, viganja vigumu kama ubao kwa sababu ya jembe. Alimsalimia mgeni kwa mikono miwili. Mama yake mzazi, kikongwe mdogo wa umbo aliyejifunga kitenge kifuani, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Haya, lete gitaa," Saady alisema.

Lilikuwa gitaa la kanisa, la mbao, limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi. Saady alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi sita zikiwa wazi, bila kubana popote, akakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Hazikuwa zimekaa popote anapopajua yeye. Nyuzi mbili zilitoa sauti zilizokaribiana mno, moja ilikuwa imelegezwa mpaka inanguruma, na mbili nyingine zilikuwa sauti ile ile.

Hapa ndipo mtu inabidi umshangae. Nyumbani Kasulu, kwenye daftari, Saady alikuwa na kurasa mbili nzima za yule mtu wa visiwani anayekaza nyuzi kwa namna yake mwenyewe, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: kipaji. Alichokiita kipaji kwa mtu wa visiwani, kwa mkulima wa Mabamba alikiita kutojua. Hata wazo halikumjia. Alitoa chuma chake mfukoni, akakigonga gotini, akaanza.

Nkunzimana aliinuka nusu. "Mzee, hizo nyuzi..."

"Tulia. Nakunyoosha."

Nkunzimana akafungua mdomo tena, na hapo mama yake, pale mkekani, akasema kwa sauti ndogo, "Reka. Ni umushitsi." Acha, ni mgeni. Na kwa watu wale neno hilo linatosha. Mgeni akishika kitu chako akadhani anakusaidia, humnyang'anyi mbele ya watu ukamwaibisha. Unakaa. Nkunzimana akakaa, mikono katikati ya magoti, akamtazama mtu aliyetoka Kasulu akizing'oa nyuzi zake mahali pake moja baada ya nyingine. Wanakwaya walijua. Mke wake alijua. Watu wote uani walijua isipokuwa mtaalamu.

Ilichukua karibu nusu saa. Saady akamrudishia gitaa kama anayempa zawadi, akaweka simu mezani irekodi. "Piga sasa."

Nkunzimana akapiga. Vidole vilikwenda mahali vilipozoea kwenda kwa miaka ishirini na vikakuta pamehamwa. Sauti ikatoka imepinda. Akaacha, akaanza upya, akajaribu kutafuta huku na huku, akaikosa tena. Wanakwaya walitazama chini. Jasho lilikuwa linamtiririka mtu mzima mbele ya mkewe na mamaye. Alipiga mpaka mwisho, kwa sababu aliambiwa apige.

"Basi," Saady alisema, akazima simu. "Ndugu yangu, wewe ni mkunaji. Lima."

Akapanda bodaboda yake. Mama mtu alimfungia mayai sita ya njiani, akayachukua.

Jumamosi ile ya tatu hakuwa na mpigaji, alikuwa na hasira za safari. Basi akafanya alichokiweza. Aliicheza ile rekodi ya Mabamba hewani, akaikatisha, akairudia, akaeleza kosa kwa kosa. "Nimekwenda mpaka mpakani, ndugu wasikilizaji, nikamkuta Nkunzimana wa Mabamba anatafuta noti kama mtu anayetafuta mbuzi gizani. Na bado wanamwita mpigaji." Watu walipiga simu wakicheka. Redio ile inasikika mpaka Mabamba kwa walioko kilimani, na waliosikia waliwasimulia walioko bondeni.

Asmahani alimsubiri mlangoni. Hakuwa anacheka. "Mzee wangu, nilikuomba mtu wa kupendwa, umeniletea mtu wa kuchekwa. Imebaki Jumamosi moja."

Jumanne Immakulata alirudi kuchukua bati zake. Hakumsalimia Saady kwa namna alivyozoea. Alisimama mbele ya kaunta, akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya boksi la misumari, akabonyeza.

Mwanzo zilisikika kelele za watu, mtoto analia, kiti kinavutwa. Kisha gitaa likaanza. Saady alikuwa anaandika risiti, kalamu ikasimama. Uzi wa chini ulikuwa unanguruma pale pale bila kuchoka, na juu yake nyuzi mbili zilikuwa zinasemeshana, zinakaribiana mpaka unadhani zitagongana, halafu zinaachana. Wimbo ulikuwa wa kanisani, aliujua. Mpigaji akautoka. Aliutoka taratibu, akaenda mbali sana, mahali ambapo Saady katika miaka yake yote ya kusikiliza hakuwahi kumsikia mtu akienda, na akarudi akaingia kwenye mstari wa wimbo kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kule kwenye rekodi hata mtoto alikuwa amenyamaza.

Macho ya Saady yalijaa machozi. Alifungua droo, akatoa daftari.

"Ni wa wapi huyu? Madagaska? Jina lake nani?"

"Si ndiye yule mkunaji wako. Kabla hujamkazia nyuzi kwa namna yako."

Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mgumu kuelewa. Babu yake Nkunzimana alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na inanga yake begani, ule ubao wenye nyuzi unaopakatwa mapajani. Alimfundisha mjukuu. Inanga ililiwa na mchwa, babu akafa, likabaki gitaa la kanisa, na Nkunzimana akazikaza nyuzi zake zilie kama inanga ya babu. Ndivyo anavyopiga, na ndivyo anavyojua. Sasa huko Mabamba wanamwita Mkunaji mpaka sokoni. Watu wa harusi ya mwezi ujao wamemwambia asije. Mzee wa kanisa amesema gitaa lipumzike kwanza.

"Mbona hakuniambia?" Saady aliuliza. Lilikuwa swali la kijinga na alijua hivyo mara lilipomtoka.

"Ungekuwa wewe ungemwambia mgeni?" Immakulata alisema. Saady yeye angemwambia mgeni, tena mara mbili.

Akamwomba amtumie ile rekodi. "Jumamosi nitaicheza."

"Na utasema ni huyu uliyemcheka? Utasema ulichofanya?"

"Nitasema."

Immakulata akamtumia, akapakia bati zake, akaenda zake.

Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi Saady aliusikiliza wimbo ule labda mara sitini. Aliupenda. Hilo si uongo, aliupenda kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye daftari lake. Na kadiri alivyoupenda ndivyo alivyozidi kuona aibu. Alijipangia maneno: ndugu wasikilizaji, nilikosea. Akayasema mbele ya kioo, yakamkwama. Mtu aliyewasahihisha wenzake maisha yake yote, kujisahihisha mwenyewe kulimshinda kama kumeza mfupa. Kumbuka wapiga simu, alijiambia. Fidele na visanduku vyake atapiga simu. Yule wa miwani atapiga simu. Wote wakunaji, wote watacheka.

Shamsia alimwona anavyozunguka chumbani. "Umemkosea mtu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Hujamponda mtu tangu Jumanne." Alimpa kanzu yake. "Kaseme, yaishe."

Aliingia studio saa kumi kasoro. Asmahani mwenyewe alikaa kwenye mitambo siku hiyo, ng'ambo ya kioo. Saady akasalimia wasikilizaji, akaita rekodi, ikachezwa yote, dakika saba na nusu. Alimwona Asmahani akivua visikizio sikio moja, akivirudisha, akifunga macho. Ilipokwisha, taa zote za simu zilikuwa zinawaka.

Na ikawa zamu yake kusema. Maneno yalikuwepo mdomoni. Kioo kilikuwa mbele yake, Asmahani ng'ambo anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na saa yake imeokoka, imekaa mkononi mwake nzima nzima. Saady akavuta pumzi.

"Huyu ni mpigaji wa hapa hapa kwetu, mkoani Kigoma," alisema. "Nimemgundua mimi. Kwa sasa, kwa heshima yake, hataki jina lake litajwe."

Lilimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Simu zikaanza. Mama mmoja wa Kasulu alisema amelia. Mtu wa Kibondo alisema kumbe mzee anajua kupenda. Saady aliitikia kwa kupandisha nyusi, ingawa redioni hazionekani.

Simu ya tatu ilikuwa na upepo ndani yake. "Mwiriwe. Napiga kutoka Mabamba, hapa kilimani. Shikamoo mzee."

Saady alisahau kuitikia. Aliijua sauti ile japo aliisikia ikisema maneno machache tu.

"Nimempenda huyo mtu," sauti iliendelea, taratibu. "Nami najifunza gitaa kidogo. Naomba kuuliza, mzee. Nyuzi zake amezikazaje?"

"Kawaida," Saady alisema haraka. "Kama gitaa lolote. Tunashukuru, simu nyingine..."

"Basi naomba nijaribu hiyo kawaida. Gitaa ninalo hapa."

Saady alimwonyesha Asmahani kwa mkono, kata. Asmahani alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Hakukata.

Kutoka kwenye simu likasikika gitaa. Lilikuwa limepinda, linatafuta, linakosa. Kila aliyesikiliza wiki iliyopita alilijua papo hapo, yule yule wa mbuzi gizani, kosa kwa kosa. Kisha likanyamaza. Kikafuata kimya ambacho redio haikiruhusu, dakika nzima, hakuna kitu isipokuwa nyuzi zinazolegezwa na kukazwa, moja moja, bila haraka, na upepo. Asmahani aliinua macho akamtazama Saady kupitia kioo, na Saady akatazama meza.

Ndipo uzi wa chini ukaanza kunguruma, na zile nyuzi mbili zikaanza kusemeshana juu yake. Alipiga mistari miwili tu ya ule wimbo. Ilitosha.

"Mzee," sauti ikasema, "siku ile sikukuzuia kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Leo wewe si mgeni. Huyo unayesema hataki jina lake litajwe ndiye mimi, na jina langu nalitaka."

Saady aliisogelea maiki. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza kwenye ile saa alikuwa tayari kusema lile neno, nilikosea, na alilisema. Halikusikika popote. Ng'ambo ya kioo Asmahani alikuwa ameshaizima maiki ya Saady.

"Taja, kaka," alisema Asmahani. "Uko hewani."